Mabeleshi Manne ya Kamanda Grady

Juma lililopita mliniacha Beni, nimepiga magoti kwenye changarawe mbele ya nyumba ya Kamanda Grady, nywele zangu zikiwa bado mkononi mwa askari wake. Wewe uliyelinunua gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, pole, nitakupa kwa kifupi.

Mimi ni Kaswera, mjane wa Butembo, muuza misumari na majembe. Vita vilimla mume wangu kwenye njia ya Kasindi, vikala na duka langu, na mwaka huo wa 2001 vikamfuata Luc, mdogo wangu, tumbo moja, ziwa moja. Luc alikuwa dereva wa lori. Waasi waliotutawala wakasema anapelekea waasi wenzao habari za barabara. Wakamtupa handakini, shimo la ardhini walilolifunika kwa mabati na kuliita gereza. Alikuwa humo siku ya ishirini na saba nilipopiga yale magoti.

Sasa sikilizeni. Mambo mengine niliyowasimulia nilitendewa. Haya ya leo niliyatenda mimi.

"Unauzishaka nini, mama?" kamanda akaniuliza.

"Misumari, afande. Majembe. Ma-pelle pia, zamani duka haijaibwa."

Pelle ndilo jina tunaloliita beleshi huku kwetu. Kamanda aliposikia neno hilo alimpungia askari mkono, naye akaziachia nywele zangu.

"Unajua kuchagua pelle ya muzuri?"

"Najua, afande. Njo kazi yangu." Hiyo njo yetu ni "ndiyo" yenu.

Akatoa mfukoni ukurasa uliokatwa kwenye kalenda. Juu yake wazungu wanne wenye kofia ngumu walikuwa wameshika mabeleshi yanayong'aa, yamefungwa utepe kwenye mipini, wakiuchekea udongo kidogo ambao hata kuku angeudharau.

"Samedi niko naweka jiwe ya kwanza ya maternité, hapa Ruwenzori," akasema. Alikuwa mtu wa mbali, kutoka mto mkubwa, na Kilingala chake kilikuwa kinachungulia kila mahali, pamoja na Kifaransa: samedi ni Jumamosi, avion ni ndege, abbé ni padri, maternité ni nyumba ya kuzalia. "Bazungu ya misaada banakuya na avion. Banapashwa kuona gouvernement, hapana batu ya pori. Nataka ma-pelle ine kama hizi. Moja yangu, moja ya abbé, moja ya muzungu, moja ya muzee mwenye udongo. Ikuwe ya kungaa. Na ikuwe nguvu, juu mimi nitachimba kweli. Mobali ya solo! Mwanaume ya kweli!"

"Na mudogo yangu, afande?"

"Kama ma-pelle ni muzuri, samedi mudogo yako anatoka mbele ya batu bote, ngoma inapigwa. Kama ni mubaya..." Akaukunja ukurasa wake polepole. "Kule ndani nafasi haikosake."

Ilikuwa Jumatano.

Waliniruhusu kumwona Luc kabla ya kuondoka. Askari aliinua bati moja kwa mguu. Harufu ilinipiga kwanza, ndipo nikauona uso. Vidole vya mkono wake wa kulia, ule wa gia, walikuwa wamevivunja kwa kitako cha bunduki, kimoja kwa kila siku aliyokosa jibu.

"Yaya," akaniita kutoka chini, yaani dada yake mkubwa, "hapana lia. Batafurahi."

Sikulia. Bati likarudi mahali pake.

Kamanda alinipa gari pamoja na mkuu wake wa itifaki, Gustave. Huyu Gustave zamani alikuwa mwalimu huko Kisangani. Alikuwa na miwani, kalamu mbili kwenye mfuko wa shati, na bastola kiunoni, na vyote hivyo alijua kuvitumia. Njia nzima ya kwenda Butembo alinisomesha jinsi sherehe inavyopangwa, nani anasimama wapi, nani anapiga makofi lini.

"Madame, protocole ni kitu ya heshima," akaniambia. "Ikiharibika, mimi sitakufwa peke yangu."

Tulifika sokoni Alhamisi asubuhi. Nilikuwa najua kuchagua, hilo sikudanganya. Beleshi zuri ukiligonga kwa ufunguo linalia, bovu linakohoa. Unalisimamisha kwa ncha, unauegemea mpini, unasikiliza kama shingo inalalamika. Lakini nigonge nini? Soko zima la Butembo halikuwa na beleshi hata moja. Askari walikuwa wameyakusanya yote, mapya kwa makuukuu, kwenda kuchimba mahandaki yao.

Nikaenda kwa Zorobabel, fundi wa kuunga vyuma, mtu mpole ambaye hata nyundo alikuwa anaiomba radhi. Luc alikuwa baba wa ubatizo wa mtoto wake wa kwanza. Nilipomwambia ni kwa ajili ya Luc, aliacha milango miwili ya mteja ikiwa nusu, akakata pipa la mafuta, akapiga mabeleshi manne, akayang'arisha mpaka ukajiona meno.

Yalikuwa mazuri, wallahi. Ungeyatundika ukutani.

Gustave alichukua moja, akaliweka gotini, akalikunja. Lilikunjika kama chapati.

"Le commandant anachimba, pelle inakunjama, batu banacheka," akasema kwa utulivu kabisa. "Unajua nini inafuata?"

Zorobabel akafungua mdomo kueleza habari za bati. Gustave alimpiga usoni na lile beleshi lililokunjika. Shavu lilichanika kutoka sikioni hadi karibu na mdomo, nikaona meno yake kwa pembeni, mahali ambapo meno ya mtu hayapaswi kuonekana. Mkewe Kavira alikuja mbio na sindano yake ya kushonea nguo. Alimshona pale pale juu ya benchi, machozi yanamdondokea mumewe kifuani.

"Kesho midi, saa sita," Gustave akaniambia huku akijifuta vidole kwa leso. "Ama nitapeleka kichwa yako mu nafasi ya ma-pelle."

Usiku huo sikulala, na Ijumaa palipokucha nilikuwa na wazo. Mfa maji haachi kutapatapa. Lakini mfa maji hushika jani. Mimi nilishika shingo ya mwenzangu.

Nyuma ya kanisa la parokia yetu kuna makaburi, na kando ya makaburi kulikuwa na kibanda. Ndani ya kibanda kulikuwa na mabeleshi manne ya chuma cha zamani, yaliyotoka kwenye mashamba ya Wabelgiji, yote ndugu, yote sawa. Askari hawakuyagusa. Hakuna mtu wa kwetu angewaonyesha.

Hapa niwaeleze wageni wa mila zetu. Beleshi la makaburi kwetu halilali nyumbani mwa mtu na haliendi shambani. Likishazika, linaoshwa kwa maji na kuachwa huko huko pamoja na wafu wake. Ndiyo maana parokia zetu huyachonga mabeleshi hayo msalaba mdogo shingoni, mtu asije akakosea. Chuma hicho kikifungua ardhi, ardhi inangoja mtu. Hata kaburi likichimbwa kwa makosa haliachwi tupu; tunalaza humo shina la mgomba na kulifukia, ili ardhi ijue imeshapewa chake.

Haya yote niliyajua. Nimeyajua tangu nyonyo. Msiseme baadaye kwamba Kaswera hakujua.

Mzikaji wa parokia, mzee Kamate, alikuwa anapalilia katikati ya makaburi.

"Wavukire, papa Kamate," nikamwamkia kwa Kinande.

"Wavukire, Kaswera. Umekuya kuona bwana yako?"

Mume wangu alikuwa amelala hatua kumi kutoka pale. Sikugeuka kumtazama. Nikamwambia Kamate shida yangu yote, handaki, vidole vya Luc, kamanda, saa sita. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaegemea jembe lake.

"Na ule mukubwa, utamuambia hizi ni pelle za nini?"

Nikageuka kutazama kibanda.

"Basi hapana, mutoto wangu. Kwa Luc nitaomba. Nitafunga hata kula. Lakini ile chuma haitokake hapa. Utapeleka kifo ku maternité?"

Alikuwa na haki. Hata nilipokuwa namchukia nilijua ana haki.

Nikarudi barabarani alipokuwa Gustave ndani ya gari. Ningeweza kumwambia hakuna kitu. Ningeweza kumwambia twende Masereka, kwa wakulima wa milimani, tukabahatishe. Hapo nilikuwa bado mtu.

"Iko?" akauliza.

"Iko. Ine, nguvu sana. Ndani ya kile kibanda." Kisha nikaongeza, bila kuulizwa: "Lakini muzee anakatala."

Nilikuwa nimeshaliona shavu la Zorobabel. Nilijua neno "anakatala" litafanya kazi gani.

Gustave alishuka, akavuka makaburi kwa viatu vyake vilivyopigwa rangi, akampiga Kamate na kitako cha bastola. Pigo la kwanza mzee alilizuia kwa mkono, nikasikia mfupa. La pili lilimpata kwenye taya. Akaanguka juu ya magugu aliyokuwa ameyang'oa, Gustave akamkata funguo kiunoni kwa kisu kidogo na kunirushia. Kamate aliniangalia tu, na mdomo wake ulikuwa umekaa upande.

Miguu yake ilikuwa imelala kwenye njia ya kibanda. Nikairuka. Hili sijamwambia padri yeyote mpaka leo, nawaambia ninyi.

Ndani nikagonga beleshi la kwanza kwa ufunguo. Lililia vizuri mno! Nikayagonga yote manne, nikayasimamisha kwa ncha, nikayaegemea. Hata katika dhambi nilichagua kama mfanyabiashara.

"Haya yametoka wapi?" Zorobabel akauliza nilipoyashusha karakanani kwake. Alikuwa anasema kwa nusu ya mdomo, nyuzi za Kavira zikimvuta. Akageuza moja, akauona msalaba. "Kaswera, huu musalaba ni wa nini?"

"Ni ya mission ya Masereka. Ya bustani ya bapadri."

Akacheka kwa ule upande mzima.

"Kweli, bapadri ba Masereka banaweka musalaba hata ku sahani."

Aliniamini. Mimi dada wa rafiki yake, ningemdanganya kwa nini? Akajaza misalaba kwa mastiki ya kuzibia mabati ya magari, akapaka rangi ya fedha aliyoichanganya na petroli ili ikauke haraka, akapiga mipini msasa. Kavira akaleta utepe mweupe na wa buluu uliobaki kwenye komunyo ya binti yao. Saa sita Gustave alipokuja, mabeleshi yalikuwa yamesimama ukutani, unaweza kudhani yametoka Ulaya.

Gustave aliliweka moja gotini, akasukuma mpaka mishipa ikamtoka shingoni. Halikukunjika.

"Voilà," akasema. Kisha kwa Zorobabel: "Fundi, kesho na we unakuya Beni. Le commandant atakupongeza."

"Aksanti, chef," Zorobabel akajibu, na mkono juu ya shavu lililoshonwa. Alifurahi kabisa. "Nitaona Luc akitoka."

Jumamosi saa nne kiwanja cha Ruwenzori kilikuwa kimejaa. Watoto wa shule, akina mama wa ushirika na vitambaa vyao, askari mistari mitatu. Katikati kulikuwa na shimo la jiwe la msingi, limechimbwa mraba, kina cha kiunoni, udongo wake mwekundu umerundikwa pembeni. Luc walikuwa wamemwosha. Walimsimamisha nyuma ya jukwaa, kamba mikononi, shati la mtu mwingine mwilini. Aliponiona akainua kidevu. Zorobabel alikuwa mstari wa mbele ndani ya koti lake la Jumapili, anampungia Luc mkono kwa siri.

Milima ilikuwa imejifunika mawingu mazito tangu alfajiri. Saa tano redio ya askari ikakoroma: ndege ya wazungu imerudi ilikotoka. Kamanda akaitukana redio, mvua, na mama wa rubani. Wazungu walikuwa ndio kizuizi cha hasira yake, nasi hatukujua kwamba kizuizi kimeondoka.

"Tunaanza," akasema. "Mupiga-picha iko. Inatosha."

Akachukua beleshi lake, akavua kofia, akachimba. Mara tatu, udongo tele, misuli inaonekana. Beleshi lililia kwenye mawe bila kupinda. Watu wakapiga makofi, ngoma ikapigwa, na mimi moyo wangu ukaruka. Nikasema: Kaswera, umeshinda. Nikamhesabu Luc kuwa ameshatoka.

Wa pili alikuwa mzee Kasonia, mwenye udongo, mkubwa wa ukoo ambao kilima kile ni chao. Akapokea beleshi kwa mikono miwili. Halafu hakuchimba. Alimwita mkewe, akaletewa kibuyu cha kasikisi, pombe yetu ya ndizi.

Jamani! Mwenye udongo lazima akioshe chuma kwa kasikisi kabla hakijagusa ardhi ya wakubwa wake. Mtoto mdogo anajua. Nilikuwa nimefikiria msalaba, rangi, utepe, kamanda, na nikaisahau kasikisi.

Mzee akamimina, akasugua kwa kiganja shingoni pa beleshi. Rangi ya petroli haikuwa imekauka chini. Kiganja kikatoka cha fedha. Akasugua tena kwa kidole gumba, mastiki ikachubuka, ikadondoka kipande.

Chini yake kulikuwa na msalaba. Kisha akalilaza beleshi kwenye majani, taratibu.

"Abbé, kuya uone," akasema. "Hii ni chuma ya makaburi."

Abbé aliinama, akapiga ishara ya msalaba. Sauti ilitembea kwenye umati, na mstari wa kwanza wa askari ukarudi nyuma hatua moja. Wengi walikuwa wamevaa hirizi za vita, na walijua kuogopa. Kamanda aliiona ile hatua. Nadhani angeweza kusamehe beleshi. Askari wake kurudi nyuma, hilo hapana.

"Nani amesema ni ya makaburi?"

"Ni mimi, commandant," Kasonia akajibu. "Na weye umeshafungua udongo na hiyo chuma, sasa udongo iko nangoja mutu. Hapana kasirika. Iko dawa. Tunakata mugomba, tunalaza mule ndani, tunafukia, maternité tunajenga pale juu kidogo. Njo vile bakubwa—"

"Mugomba?" Kamanda akasema. "Mimi, Grady, nizike ndizi mbele ya batu?"

Akampiga mzee kwa beleshi shingoni, ubavu wa chuma, kwa nguvu zile zile alizochimbia. Kasonia alianguka mzima mzima, damu ikamtoka sikioni, na abbé akapiga magoti juu yake. Akina mama wakapiga yowe, umati ukaanza kukimbia. Askari wakafyatua risasi hewani. Si zote zilikwenda hewani. Mwanamke mmoja aliyevaa kitambaa cha ushirika alikaa chini ghafla, akaushika mguu wake, na viatu vya watu vikampita juu.

"Kimya! Kanga monoko!" kamanda akanguruma. Watu wakasimama walipokuwa. "Nani alichagua hizi pelle?"

Nikamtazama Gustave. Uso wake ulikuwa wa majivu. Yeye alimvunja mzikaji taya mbele ya kibanda cha makaburi. Kama naanguka mimi, naye anaanguka. Protocole ikiharibika, alikuwa ameniambia, hafi peke yake. Lakini mwalimu ni mwalimu, alipata jibu haraka.

"Mon commandant, ni fundi! Madame alimupatia ma-pelle ya muzuri, mupya. Fundi aliziuzisha, akaweka hizi. Si njo hivi, madame? Sema."

Kamanda akanigeukia.

"Mama?"

Luc alikuwa hatua kumi kutoka kwangu. Nilikuwa nimeuza kila kitu nilichokuwa nacho kwa ajili ya kile kichwa kilichooshwa. Zorobabel alikuwa ananitazama kwa mshangao tu, bila woga, kama mtu anayengoja mwenzake amalizie sentensi.

"Ni yeye," nikasema. "Fundi."

"Kaswera!" Zorobabel akapiga kelele. "Ulisema ni ya Masereka! Kaswera, mama, ulisema—"

Walimpiga kitako cha bunduki palepale kwenye shavu, nyuzi zote za Kavira zikafumuka. Wakamburuta kwa koti lake la Jumapili, wakamtupa ndani ya shimo la jiwe la msingi. Alipojaribu kuinuka wakampiga tena magotini, mpaka akakaa. Kavira hakuwapo, alibaki Butembo na watoto. Namshukuru Nyamuhanga, Mungu wetu, kwa hilo moja.

"Muzee alisema udongo iko nangoja mutu," kamanda akasema kwa sauti ya umati. "Basi tutaipatia. Hapana ndizi. Leteni ule chauffeur."

Wakamleta Luc na kumkata kamba.

"Mimi niko mutu ya neno moja. Nilisema samedi unatoka. Umetoka. Yaya yako amekuokoa." Akamsukumia beleshi kifuani, lile lile lenye damu ya Kasonia. "Sasa fukia huyu mwizi, halafu uende kwenu."

Luc hakuweza kulishika kwa vidole vyake. Alilibana kwapani, akasogea mpaka ukingoni, akamwangalia baba wa mtoto wake wa ubatizo. Zorobabel alikuwa anatapika damu. Kisha Luc akanigeukia.

"Yaya. Ni Zorobabel kweli alifanya hivi?"

Msiba wa kujitakia hauna kilio. Nilijibu na macho makavu.

"Njo yeye."

"Angalia mi mu macho, yaya."

Nikamwangalia. Nilimlea mimi yule, mama yetu alipokufa. Nilimfunga viatu vyake vya kwanza vya shule.

"Njo yeye, Luc. Fukia twende."

Alinitazama mpaka nikahisi amefika chini kabisa, mahali ambapo nilikuwa nimemficha Kamate. Hakuwa amesikia habari za Kamate, lakini alikuwa ananijua. Akaliachia beleshi likaanguka kwenye majani. Akakaa ukingoni mwa shimo, akashusha mguu mmoja, akashusha na wa pili, akaketi kando ya Zorobabel na kumwegemea bega.

"Siye tuko bawili," akamwambia kamanda. "Fukia."

"Toka!" nikapiga kelele. "Luc, toka! Afande, ana homa, hajui kile anasema!"

Zorobabel alikuwa anamsukuma kwa kiwiko atoke, na Luc hatoki.

Kamanda Grady akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka siku ile, na askari wakachelewa kidogo kumfuata. Akainama, akaokota beleshi, akaunyoosha utepe wa komunyo kwenye mpini kwa vidole viwili, akaja mpaka mbele yangu.

"Mama, weye njo unajua kuchagua," akasema. "Kamata. Anza na ule unataka."

Nikalipokea. Mdomo wa bunduki ulikuwa mgongoni pangu, ndiyo, lakini sitaki mnihurumie kwa hilo. Nilikuwa na neno moja mdomoni, zima, ambalo huenda lingewatoa wote wawili shimoni na kuniingiza mimi. Gustave alikuwa ananitazama, mkono kwenye bastola. Luc hakuwa ananitazama tena.

Nikachota udongo.